Kwa Nini Ruixue Hataki Bahari

Novemba 3

Msambazaji wa dawa ameniletea daftari la mwaka ujao kabla wa sasa haujaisha. Nimeamua litakuwa la safari.

Mwenye makosa ni Mzee Luo. Leo asubuhi aliingia dukani kwangu na kofia ya manyoya kichwani na kofia ya ukili mkononi, akaomba dawa za presha za miezi minne kwa mpigo. Kila mwaka wiki hii hii anakuja hivyo, halafu anaruka kwenda Sanya, kusini kwenye joto, mpaka barafu ya mto wetu ipasuke.

"Tong, mwanangu," alisema, "mafua ya mwaka huu nawaachieni ninyi. Gawaneni vizuri."

Nina miaka arobaini na mbili. Nimezaliwa Qitaihe, nimeolewa Qitaihe, nauza dawa za kikohozi Qitaihe. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Nilipofunga duka nilijikuta nauliza bei ya tiketi kwenye simu, nikiwa bado sijavua glavu, natumia ncha ya pua.

Novemba 5

Nimewaambia wakati wa chakula cha jioni. Nilijishughulisha na mwiko ili nisiwatazame usoni.

"Mwaka Mpya huu wa Februari twende Sanya."

"Sanya ya baharini?" mwanangu Hanlin aliuliza. Ana miaka kumi na mitatu, na swali lolote kwake ni mwanzo wa maswali kumi.

"Kwani kuna ya milimani?"

Mume wangu, anayechochea makaa kwenye kituo cha joto cha mji, aliendelea kutafuna kabichi. "Na boila atalilisha nani?"

"Mko wanaume kumi na wanane pale, Mzee Guan."

"Mama Ruixue, siku ya Mwaka Mpya mji mzima uko ndani unapika. Bomba moja likipasuka, vikongwe wataganda mezani." Kisha akalainika kidogo. "Nendeni ninyi watatu. Mniletee nazi."

Hapo Ruixue akalaza vijiti vyake juu ya bakuli. "Mimi siendi."

"Una mazoezi?"

"Siendi tu."

Baba yake akacheka kwa fahari. "Muache. Baada ya majaribio ya Desemba huenda jina lake liwe kwenye timu ya mkoa ya mbio za barafuni. Bingwa hana muda wa kujenga nyumba za mchanga."

Nilimtazama binti yangu. Baba yake akimwita bingwa huwa anainamisha kichwa kuficha tabasamu. Leo alikiinamisha, lakini sikuona tabasamu lolote.

Mtoto gani wa miaka kumi na sita anakataa bahari?

Novemba 6

Theluji siku nzima. Wateja watatu.

Novemba 12

Hanlin ameunda kundi la simu la familia na kuanzisha kura. Ghuba gani? Hoteli yenye bwawa au isiyo na bwawa? Miwani ya kuzamia, ya kununua au ya kukodi? Yeye mwenyewe amepiga kura zote. Guan amepiga moja, kwenye swali la chakula: "Kamba." Ruixue hajafungua ujumbe hata mmoja.

Nilimuuliza Hanlin, "Dada yako ana nini?"

"Ana miaka kumi na sita," alijibu, kama daktari anayetoa cheti.

Novemba 20

Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Jambo dogo, naliandika kwa sababu limenikaa kichwani. Ruixue akirudi mazoezini huning'iniza viatu vyake vya barafu mlangoni, na chini yake hubaki kidimbwi ninachokikanyaga na soksi kila jioni huku nikilaani. Leo nimekanyaga sakafu kavu. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipolaani. Sikukumbuka.

Novemba 28

Nimebadilisha mashuka ya Ruixue. Yananuka kafuri. Ni harufu ya plasta za maumivu, zile nyeupe ninazowauzia wachimbaji makaa wastaafu. Mimi nanuka hivyo hivyo kila siku, labda nimejinusa mwenyewe.

Usiku nilihesabu plasta za dukani na hazikupungua. Kwa hiyo, kama anazo, ananunua kwingine. Kwa nini binti wa muuza dawa anunue dawa kwa mtu mwingine?

Desemba 2

Upepo. Hanlin amepata hoteli Ghuba ya Dadonghai, chumba cha vitanda vitatu. Nimelipa kabla sijaogopa.

Desemba 9

Nimenunua nguo za kuogelea. Yangu nyeusi, ya Hanlin ina papa, ya Ruixue ya kijani kibichi, rangi anayoipenda. Nilimwekea kitandani. Nilipopita baadaye niliikuta juu ya kitanda changu, imekunjwa vizuri, lebo haijang'olewa.

Nikamfuata jikoni. "Si rangi yako?"

"Nzuri, Mama. Lakini siendi."

"Unaona haya mwili wako? Mimi mwenyewe nikiivaa yangu nafanana na gunia la mpunga."

Karibu acheke. Nilimuona akikaribia kabisa. Kisha akasema ana mtihani wa fizikia na akaondoka, na njia nzima mpaka chumbani kwake alikuwa ameshika ukuta. Kwenye sakafu tambarare.

Desemba 13

Jumamosi. Nitaandika kwa utaratibu.

Ruixue aliaga saa nane mchana, mkoba wa mazoezi begani. Nilifunga duka nikabandika karatasi ya "narudi punde", nikamfuata. Sijawahi kumfuata mtu maishani. Nilikuwa nimevaa koti langu jekundu, linaloonekana toka ng'ambo ya mto, lakini hakugeuka. Watu wenye siri nzito, nimegundua leo, hawatazami nyuma. Wanatazama wanapokanyaga.

Njia ya uwanja wa barafu ni kushoto. Yeye alipinda kulia, akapita sokoni kwenye mapipa ya matunda ya pea yaliyogandishwa, akaingia hamamu ya mtaani kwetu. Nilisimama nje mpaka kope zangu zikashika barafu. Nilifikiria mambo ya kijinga tu: mvulana, deni, kazi ya siri. Kisha nikanunua tiketi nikaingia.

Upande wa wanawake kuna bwawa la maji ya moto. Siku za Jumamosi huwa limejaa vikongwe wenye taulo kichwani wanaowasema wakwe zao. Katikati yao alikuwa Ruixue, maji yakimfika kifuani, anatembea. Kutoka ukuta mpaka ukuta, taratibu, midomo ikihesabu. Alipofika kwenye ngazi akapanda vidaraja viwili na hapo nikaliona goti lake la kulia. Lilikuwa kama kichwa cha mtoto mchanga.

Shangazi Pang, anayesugua watu nongo pale tangu mimi msichana, aliniona kwanza. "Umechelewa, Tong," alisema, kitambaa cha kusugulia mkononi. "Mwezi wa pili huu anakuja. Nimemwambia maji moto hutuliza tu, hayashoni. Nimemwambia akwambie. Ana kichwa kigumu kama cha baba yake."

Ruixue aligeuka. Nilidhani atalia au atakimbia. Alisema tu, "Mama, umeingia na viatu."

Kweli. Nilikuwa bwawani na buti za theluji.

Tuliketi kwenye benchi la mbao, yeye amejifunika taulo, mimi jasho likinitiririka ndani ya koti. Alinieleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti. Alianguka Septemba kwenye kona, akagonga ukuta. Alidhani litapona. Oktoba likaanza kukwama, anakunja mguu halafu haukunjuki. Kocha Qin anaambiwa kuna mitihani ya shule. Sisi tunaambiwa mazoezi ya alfajiri yamehamishwa jioni, na kwamba anakwenda mwenyewe. Plasta ananunua duka la ng'ambo ya reli.

"Kwa nini usiniambie mimi? Mimi ndiye ninayeuza hizo plasta!"

"Wewe ungemwambia Baba."

"Na Baba angekula mtu?"

Akakamua ncha ya nywele zake. "Baba angesema 'kaza meno kidogo, bingwa.' Na mimi ningekaza."

Nilimsikia Guan kabisa akiyasema maneno hayo, kwa upendo wote.

"Na bahari?" niliuliza. "Bahari ilikukosea nini?"

Alinitazama kana kwamba ndiyo nimeanza kuwa mzito wa kuelewa. "Mama, ufukweni watu huvaa kaptula."

Miezi yote hii nilidhani binti yangu ametuchoka. Kumbe alikuwa anaficha kitu chenye ukubwa ule, na bahari ingemvua nguo.

Ameniomba jambo moja. Majaribio ni tarehe ishirini na sita. Anataka kukimbia mbio moja tu, akiwa na plasta na vidonge, ili Baba aone jina lake ukutani. Baada ya hapo hospitali. "Siku kumi na tatu tu, Mama."

Desemba 14

Sijasema ndiyo. Sijasema hapana. Nimeunguza wali.

Desemba 16

Nimesoma kila kitu kuhusu magoti. Kipande cha gegedu, ule mfupa laini ndani ya goti, kikichanika na kujikunja katikati ya mifupa, mguu hukwama. Ukiendelea kulitumia goti, linajisaga lenyewe. Mchana aliingia mchimbaji mstaafu, miaka hamsini na nane, anatembea na fimbo mbili, akaomba plasta nyeupe. Mkono wangu ulikataa kumpa kwa muda. Akaniuliza kama nimeugua.

Jioni nilimwambia Ruixue: "Mbio hukimbii. Mwambie baba yako wewe mwenyewe kabla Jumapili haijaisha. La sivyo nitasema mimi."

Alinitazama kwa chuki. Nimeikubali hiyo chuki.

Desemba 18

Hasemi nami. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Hanlin anauliza kama kuna papa Dadonghai.

Desemba 21

Leo ni siku fupi kuliko zote, siku ya kula jiaozi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, na Guan yuko zamu. Nilikunja mia na ishirini. Kufikia mchana Ruixue alikuwa bado chumbani. Nilipokuwa nafunga chombo cha chakula cha Guan, akatokea amevaa koti.

"Nitakipeleka mimi," alisema. "Lakini njoo."

Tulitembea pamoja, na kwa mara ya kwanza hakujilazimisha kutembea sawa. Alichechemea waziwazi, na njia ya dakika kumi ilituchukua nusu saa. Nilitaka kumshika mkono. Sikuthubutu.

Kituo cha joto kina kelele ya moto inayokuingia kwenye meno. Guan alikuwa mbele ya kioo kidogo cha boila, uso umekuwa mwekundu, anatazama makaa. Alitupungia akiwa na furaha tele. "Eh! Wote wawili! Ni nyama au yai na vitunguu?"

"Baba," Ruixue alisema, "goti langu limeharibika."

Hakusikia. Ikabidi apige kelele. "Goti langu limeharibika! Siendi mazoezini tangu Oktoba! Nimewadanganya!"

Wanaume wawili waliokuwa wakisukuma toroli la majivu wakageuka, halafu wakaona heri waangalie majivu.

Guan aliweka chombo cha chakula juu ya pipa. "Goti lipi?"

Swali hilo lilimchoma mwanangu, niliona. Miaka tisa anamtazama akikimbia, na hajui ni goti lipi.

"La kulia."

"Tangu lini?"

"Septemba. Lakini nilienda mpaka Oktoba. Ulikuwa unaniamsha."

 Kwa miaka tisa, mpaka Oktoba hii, Guan aliamka saa kumi na moja alfajiri, hata akitoka zamu, akampashia maziwa, akamkalisha nyuma ya pikipiki ya magurudumu matatu, akampeleka barafuni. Hakuwahi kukosa siku. Nilikuwa nikiwaambia jirani zangu hayo kwa majivuno.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "asubuhi zote hizo nilikuwa nakuamsha kwenye maumivu."

"Hukujua."

"Sikuuliza."

Kipimo kimoja kikaanza kulia. Akageuka kukishughulikia, na alikishughulikia kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji. Kisha, bila kutugeukia: "Nendeni nyumbani. Utamtembezaje kwenye baridi hii? Mwiteni dereva Hao awapeleke na gari la makaa."

Tukarudi na gari la makaa. Nilijua amekasirika. Ruixue pia alijua. Aliegemea bega langu mpaka nyumbani.

Desemba 22

Nilikosea. Guan alirudi asubuhi, hakulala, akapiga simu hospitali ya Harbin, akapata miadi ya keshokutwa. Halafu akamchukulia Ruixue kiti, akamwambia aweke mguu juu. Akaikunja suruali yeye mwenyewe. Akalitazama goti lile muda mrefu, kama anavyotazama kioo cha boila.

"Linauma hapa?"

"Hapo hapana. Hapa."

"Na hapa?"

Akawa anauliza, anauliza. Nimeishi naye miaka kumi na minane na sijawahi kumsikia akiuliza maswali mengi hivyo.

Desemba 24

Harbin. Gegedu limechanika na kukunjika. Daktari, mwanamke mwenye sauti ndogo, alisema tungesubiri mbio ile moja, pengine pasingebaki cha kushona. Ruixue aliposikia alinitafuta kwa macho, akashusha macho. Msamaha huo nimeuandika hapa usije ukapotea.

Upasuaji ni Januari 6. Nilipouliza kuhusu bahari niliona aibu, lakini daktari akacheka. "Katikati ya Februari? Mpelekeni. Atumie magongo, majini aelee tu. Asipige mateke, asicheze na mawimbi."

"Kamba je?" Hanlin aliuliza.

"Kamba ale."

Januari 6

Saa moja na nusu ndani. Guan alisimama mlangoni muda wote, kofia mkononi, kama anayesubiri kuitwa yeye. Imekwenda vizuri.

Januari 19

Baridi kali. Ruixue amepiga kura zote za Hanlin, na zote amempinga.

Februari 3

Msimamizi wa kituo cha joto alinipigia simu dukani. Nikadhani kuna ajali. "Mama Ruixue," alisema, "huyu Guan wako ana homa? Ameomba likizo ya siku saba. Mwaka Mpya! Miaka kumi na tisa hajaomba hata nusu siku."

"Na umemjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Wenzake kumi na saba wameshagawana zamu zake kabla hajaleta karatasi. Sikubaki na sababu ya kumkatalia."

Guan alirudi jioni. Alifungua kundi la simu na kuandika: "Vitanda vinne."

Februari 14

Sanya. Tulitoka nyumbani nyuzi ishirini na mbili chini, tumeshuka nyuzi ishirini na saba juu. Guan alivua makoti mawili na sweta kwenye ngazi za ndege huku abiria wakimsubiri. Dereva wa teksi anatoka Jixi, mwenye hoteli anatoka Mudanjiang, na muuza nazi alimkaripia Hanlin kwa lafudhi yetu kabisa. Tumesafiri nchi nzima kuja kuwakuta majirani.

Bahari.  Nilisimama tu, nikaisikiliza inavyovuta pumzi. Nilijiuliza usiku nani anaizima.

Februari 16

Mkesha wa Mwaka Mpya. Ruixue alivaa ile nguo ya kuogelea ya kijani. Alama za upasuaji ni tatu, ndogo kama mbegu za tikiti. Alipita mbele za watu na magongo yake, na hakuna aliyemtazama, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama baba yake, aliyeingia majini na soksi.

Februari 18

Mchana huu walielea wote wawili kwenye maji ya kina kifupi. Yaani Ruixue alielea, na Guan alizama mara kwa mara.

"Tulia, Baba! Unajikaza kama ubao."

"Ubao ungeelea!"

Baadaye tuliketi mchangani. Hanlin alikuwa ameenda kukodi miwani. Ruixue alikuwa anachimba shimo kwa ncha ya gongo, halafu bila kuinua kichwa akasema: "Daktari amesema mwaka ujao naweza kurudi barafuni. Sitaki."

Nilimtazama Guan. Sijui nilitarajia nini.

"Unaogopa?" aliuliza.

"Kidogo. Lakini si hiyo. Nilipokuwa kitandani nilingoja nitamani barafu. Sikutamani. Nilitamani shule, nilitamani kulala, nilitamani mpaka kabichi ya Mama. Barafu hapana."

Guan alichota mchanga akauachia upite vidoleni, akachota tena. "Mimi naipenda ile safari yetu ya asubuhi," alisema mwishowe. "Giza lile, wewe nyuma yangu unaimba na pua iliyoziba. Nitakuwa naamka saa kumi na moja kufanya nini sasa?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Chumvi, labda.

"Lala, Baba," Ruixue akamwambia. "Miaka tisa hujalala."

 Guan alilisogeza taulo lake likafunika mguu wa binti yake, maana jua lilikuwa kali.

Februari 19

Ruixue amempigia Kocha Qin leo. Hakutaka tumpigie sisi. Tulikuwa mkahawani karibu na maji, sahani ya kamba imeletwa, naye akainuka na magongo yake akaenda kusimama kwenye ukingo wa sakafu ya mbao, mgongo kwetu. Guan aliendelea kumenya kamba. Anamenya vibaya, anatupa nyama na kubakiza maganda.

Nilisikia mwanzo: "Kocha, ni mimi, Guan Ruixue. Heri ya Mwaka Mpya. Sirudi." Kisha upepo ukachukua mengine. Alisikiliza muda mrefu. Mabega yake yalipanda, yakakaa juu, halafu yakashuka. Kisha akacheka kwa sauti, mpaka mhudumu akageuka.

Alirudi, akakaa, akapangusa macho na kiganja.

"Amesema nini?" Niliuliza mimi, nauliza mimi siku zote.

"Amenigombeza kwa kumdanganya. Ameuliza goti linakunjuka mpaka wapi. Halafu ameuliza nakula nini, nikamwambia." Alinyoosha mkono kwenye sahani. "Amesema nimlie mmoja mkubwa, kwa niaba yake."

Guan akachagua kwenye rundo lake, akapata mmoja mzima, pengine wa pekee aliyemenyeka vizuri tangu tuketi, akamwekea bakulini.

"Huyu ndiye wa kocha," alisema. "Kula, mwanangu."